Doti ya Matope

Watu wa Kibiti husema mke wangu Biasha ana jicho. Mimi nawaambia wamekosea kiungo. Jicho analo, tena la kutosha kuona nimerudi na sukari nusu wakati alinituma kilo, lakini kwenye kanga hatumii jicho. Hutumia sikio. Nimeishi naye miaka ishirini na sita, najua ninachosema, na ninakisema kwa majivuno. Anayechukia na achukie.

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, na nikiinua kichwa naiona meza yake ya kanga, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Wauza kanga wako wengi, ila Biasha ana kazi nyingine juu ya kuuza: anabashiri. Toleo jipya likifika kutoka Dar es Salaam, kanga kumi na mbili za namna mbalimbali, kila moja na mji wake wa katikati, pindo lake la pembeni na jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, yeye husema ni ipi baada ya miaka miwili itatafutwa kwa tochi. Kwa maana kanga hazifanani bahati. Nyingine huzaliwa na kufa bila mtu kuzikumbuka. Nyingine wanawake hurudi kuzitafuta kwa ajili ya sare ya shughuli, au kufidia iliyochakaa, na hapo mwenye doti moja sandukuni anaweza kuibadilisha kwa doti mbili mpya, hata tatu. Kuna wanawake Dimani, na wengine mbali kule Ngarambe, ambao hawanunui kitu kabla ya kuuliza, "Biasha kasemaje?"

Sasa nitoe siri, ambayo siku hizi si siri tena. Biasha hajui kusoma herufi za kizungu, na jina la kanga huandikwa kwa hizo hizo. Kwa hiyo kila toleo likifika hulitandaza mezani, na mwanamke akipita humwambia, "Hebu nisomee, leo macho yangu yana vumbi." Vumbi hilo lilidumu miaka ishirini. Wanawake wakadhani anawapima akili, wakasoma, naye akakaa kimya akiwasikiliza.

Mwanamke akisoma jina akacheka, Biasha hujua hiyo ni kanga ya kumrushia jirani maneno: itauzwa haraka, ugomvi ukiisha nayo imekwisha. Akisoma upesi upesi kama anayepita, hiyo ni ya zawadi, itakwenda kulala sandukuni. Lakini akisoma, akanyamaza, kisha akanyoosha mkono kukishika kitambaa, hapo Biasha huweka alama moyoni.

Na ana sheria ya pili, ambayo mimi niliicheka miaka mingi. Husema kanga inayohifadhiwa na kila mtu haiwezi kupanda thamani, maana kila mtu anayo, nani atakuja kuiomba? Inayopanda ni ile iliyovaliwa shambani, ikabeba mtoto, ikawa ngata ya kubebea ndoo, ikaishia kuwa tambara la kudekia. Ikishaisha kwa wote ndipo wote wanaitaka. Basi yeye huweka doti tatu kando, zilizobaki huziuza huku akiomba zichanike. Nilikuwa namwuliza ni mfanyabiashara gani duniani anayeombea mali yake ichanike.

Mwaka juzi, mwezi mmoja kabla ya mfungo, alikuja Mudathiri. Huyu ni mwuza kanga wa jumla, ana duka Dar es Salaam, na Biasha alikuwa wakala wake kuanzia Kibiti hadi huku chini kwenye delta. Kila robota jipya, lile furushi kubwa la kanga, lilifunguliwa kwanza mezani kwake, wengine baadaye. Mudathiri alikunywa chai yetu, akala mihogo yetu, kisha akatoa simu. Kuna binti Ikwiriri, akasema, anaitwa Hajira, ana kundi la wanawake mia nne kwenye simu. Anaposti picha ya kanga, wanawake wanaweka vikopa, vile vialama vya moyo, na kwa kuhesabu vikopa anajua ipi itapanda.

"Mama Ashura, usinielewe vibaya," akamwambia Biasha. "Dunia imehama. Nataka uwakala nimpe yule binti."

Biasha akaanza kukusanya vikombe. Mimi nilisema, tena maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nadhani niliyomwambia yalimtia aibu kidogo, maana akatafuta njia ya katikati. Toleo jipya lilikuwa ndani ya robota aliloleta. Kila mmoja achague kanga moja tu. Baada ya miaka miwili, ambaye kanga yake ndiyo inayotafutwa, uwakala utakuwa wake. Kwa Biasha huo uwakala ndio ulikuwa heshima yake yote mjini. Bila ule angekuwa mwuza nguo mmojawapo.

Hajira alichagua siku hiyo hiyo: zambarau yenye nakshi za dhahabu, jina lake NAPENDEZA MNAUMIA. Vikopa vilimiminika. Kanga yenyewe iliisha madukani kwa siku tisa.

Biasha alitandaza zake siku tatu. Siku ya tatu akapita Tatu, muuza vitumbua, mwanamke ambaye akianza kusema soko zima hupunguza sauti. Alisoma majina kumi na moja, na kila moja alilitafutia mtu wa kulivalia, wakacheka hadi nikawasikia kibandani. Ya kumi na mbili ilikuwa ya rangi ya udongo, pindo jeusi, mji wa vidoa vidogo visivyo na mbele wala nyuma. Tatu akasoma: MAMA NAYE HUCHOKA. Akanyamaza. Akaishika ncha, akaisugua kwa vidole, akauliza, "Rangi yake haitoki hii?"

Jioni Biasha akaniletea doti ile nyumbani. "Ndo hii."

"Hii? Rangi ya maji ya Rufiji yakifurika? Mama Ashura, unatuuza."

"Rangi ya matope haioneshi matope, Baba Ashura. Hii watavunia."

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu, sifichi. Zambarau ya Hajira ilikuwa kila mahali, kwenye harusi, kwenye maulidi, kwenye picha za simu. Yetu ilikaa mezani ikipigwa na vumbi la barabara, na watu wanaoleta baiskeli wakawa wananitania: "Fundi, naona matope yako hayakauki." Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia Biasha ampigie Mudathiri, amwombe abadilishe chaguo lake kabla mambo hayajaharibika. Aliniwekea chakula siku mbili bila kunisemesha neno. Najuta hadi leo kwamba katika watu wote waliomshuku, mmoja alikuwa akila sahani moja naye.

Kisha mpunga ukaiva. Kundi la Mwanabaraka wa Mohoro, wanawake kumi na mmoja wanaovuniana kwa zamu, leo shamba la huyu kesho la yule, walikuja wakanunua doti kumi na moja za matope kwa mara moja. Wakaja wengine wa bonde lile. Nilikwenda Mohoro kutengeneza baiskeli za watu nikawaona kwa macho yangu: migongo ya udongo imeinama kwenye mpunga, na juu ya kila mgongo yale maneno matatu. Sikucheka. Nilimkumbuka marehemu mama yangu, nikainamia mnyororo wa baiskeli kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Msimu wa pili kanga zile zilikuwa zimepauka na kuchanika. Biasha alifika kule kutafuta habari, akashika moja iliyobaki nusu, iliyofungiwa mtoto mgongoni, akasema alhamdulillahi. Mwenye kanga akadhani anamshukuria mtoto.

Wakati huo zambarau zote zilikuwa nzima, zimekunjwa masandukuni. Ukiitaka unaipata popote, kwa bei ya kanga yoyote.

Ndipo Mwanabaraka akawa anamwoza bintiye, Johari. Kundi likakaa, likaamua sare iwe ile waliyovunia pamoja, lakini mpya. Haikupatikana. Kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuichapa. Wakatafuta Ikwiriri, wakatafuta Dar es Salaam. Hajira mwenyewe akaposti kwenye kundi lake: "Nani ana MAMA NAYE HUCHOKA? Natoa mbili kwa moja." Baada ya wiki akaandika tatu kwa moja. Kadiri watu walivyoambiwa haipo ndivyo walivyoitaka zaidi, hata wasiojua harusi ni ya nani. Mudathiri alipekua ghala lake hadi sakafuni, akapata upande mmoja tu, uliotumika kufungia robota.

Biasha akazitoa zile doti tatu alizoziweka kando. Moja akampa Johari bure, aivae siku yake. Ya pili aliibadilisha kwa doti nne, nne kwa moja, jambo ambalo Kibiti haijapata kuliona. Ya tatu hasemi aliipeleka wapi, nami siulizi tena. Kundi la Mwanabaraka lilifua zile zilizochakaa, likazipinda upya, likaingia nazo harusini hivyo hivyo, na walioingia na nguo mpya siku hiyo walijiona wageni.

Wiki ya pili Mudathiri akaja Kibiti siku ya soko, amefuatana na Hajira, binti mwenye adabu zake, hilo sitamnyima. Akasimama mbele ya meza, wanawake wamejaa.

"Mama Ashura, umeshinda. Uwakala ni wako, na safari hii kwa maandishi. Soma, kisha utie sahihi."

Akamkabidhi karatasi. Nilikuwa nimevuka barabara na spana mkononi. Nikafungua mdomo niseme mke wangu leo macho yana vumbi. Biasha akanitazama, nikaufunga.

"Mie sijui kusoma herufi hizi," akasema, kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia. "Sijapata kuzijua. Hajira mwanangu, nisomee."

Tatu akajipenyeza hadi mezani.

"Kumbe miaka yote hiyo mie ndo nilikuwa macho yako?"

"Weye ulikuwa sauti, Tatu. Macho ninayo."

Hajira akasoma. Akasoma vizuri, taratibu, mpaka karibu na mwisho. Biasha akainua kidole.

"Rudi hapo ulipokimbia."

Hajira akamtazama Mudathiri, kisha akarudi. Hapo palikuwa pamesemwa kwamba kanga zisizouzwa zitakuwa hasara ya wakala peke yake. Wanawake wakaguna. Mudathiri alijifuta jasho, akasema hiyo iliingia kwa bahati mbaya, akatoa kalamu akaikata palepale na kuweka sahihi yake pembeni.

Kisha akatoa kwenye mkoba kikopo cha wino, akakifungua, akakisogeza. "Basi Mama, weka kidole gumba hapa."

Biasha akakirudisha kile kikopo kwake. Akachukua kalamu. Baba yake, Mwalimu Mwinyimvua, alisomesha chuo cha Kurani Mohoro, na Biasha alikaa mbele ya ubao wake tangu ana miaka mitano. Akaanzia ukingo wa kulia wa karatasi, akaandika kuelekea kushoto kwa Kiarabu, herufi zimeshikana, na nukta akaziweka mwisho moja moja. Nimemwoa mimi huyu. Nilitaka kuwashika watu mabega niwaambie.

Mudathiri akaigeuza karatasi huku na huku. "Hapa pameandikwa nini?"

"Jina langu," Biasha akasema. "Ukitaka kulisoma, kajifunze."