Hapo Alipokwenda Hamadi

Harufu ya karafuu mbichi huniumiza kichwa mpaka leo. Msimu ule majamvi yalitandazwa kuanzia mlangoni petu hadi njiani, na sote tulikaa barazani kupambua, kuzitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kucha zimekuwa nyeusi, macho yanawasha. Kaka yangu Hamadi aliinuka, akakung'uta makonyo mapajani, akasema, "Mama, nafika hapo." Mama hakumuuliza ni wapi. Kwetu Makangale mtu akishainuka haulizwi aendako. Ukimuuliza umeitia nuksi safari yake. Na neno "hapo" halikuwa na mpaka: lilitosha kwa dukani, kwa Chake Chake, hata kwa ng'ambo ya bahari. Mama alisema tu, "Haya mwanangu, usikawie."

Magharibi alimwekea wali, akaufunika kwa kawa. Kesho yake pia. Karafuu zilikauka zikauzwa, mvua zikaja, na kawa lile halikufunika tena chakula cha mtu mwingine. Baba alikwenda Wete, akavuka hadi kisiwa cha Fundo kuulizia, akarudi bila habari. Lakini watu wakiuliza, mama alijibu, "Hamadi katoka, yupo hapo." Jirani yetu Bi Mkasi, asiyejua kufunga mdomo, alimtania msimu uliofuata: "Hapo gani, shoga, pasipo na njia ya kurudia?" Mama akamjibu, "Hapo hapo. Nawe pambua vizuri, karafuu zako zimejaa makonyo." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Wazee husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, naye aliishika methali hiyo kama kamba ya kisima.

Mama tumemzika mwezi uliopita. Siku hizi wanangu wakitoka hunipigia simu, hunitumia hata ramani ya walipo, na bado nakaa roho juu mpaka warudi. Siku ya khitma, mgeni kutoka Unguja aliuliza kwa adabu, "Na kaka yenu mkubwa yuko wapi?" Bi Mkasi, mkongwe sasa, akanitazama. Jibu la mama lilikuwa ulimini mwangu, jepesi, limezoeleka. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Hatujui aliko. Tangu nikiwa mtoto, hatujui." Bi Mkasi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baadaye nililitungua lile kawa ukutani, nikalipangusa vumbi, nikafunikia chakula cha waliokuwepo.