Friji la Gongoni Lililovalishwa Nguo

Juzi jirani yangu hapa Gongoni aliniita nimsogezee friji lake la milango miwili, maana Tabora nzima wanajua kifua changu ni winchi. Friji lilijaa nyama ya wageni wa posa ya binti yake, ya kuwatosha mpaka Jumapili, na lilikuwa halipozi. Fundi aliyeitwa kulitazama aligusa ubavu wa friji, akatoa mkono upesi kama kaunguzwa na pasi.

"Mama, umelibana ukutani, halafu umelifunika vitambaa mpaka chini. Joto litokee wapi?"

"Baba, wakwe wanatoka Urambo, waje walikute friji uchi sebuleni?"

"Basi chagua, aibu au nyama ioze."

Mama akavua kitambaa kimoja kimoja, kanuna, kana kwamba anamvua bibi harusi. Nikalivuta peke yangu, fundi ananishangaa tu. Kufika jioni lilipoza hata mtaa mzima tukavaa makoti.

Kesho yake wakwe wakaingia. Salamu hazijaisha, mama wa kijana akalitazama friji, akasikitika, akatoa kanga yake begani na kulifunika mpaka mbavuni.

"Kitu kizuri hivi, jamani, mnakiachia vumbi?"

Jirani yangu akanitazama, nami nikamtazama. Nani angethubutu kuivua kanga ya mkwe? Ikabidi nyama yote ipikwe siku ile ile, na paja zima la ng'ombe nililimaliza mimi.

Sasa Urambo wanasifia ukarimu wa watu wa Gongoni. Hawajui ni kanga yao.