Daraja Lililohesabiwa Siku ya Sabato

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu, nami nikiwa mpiga taipu katika ofisi ya barabara mjini Kisii. Siku moja mhandisi kutoka Nairobi aliingia na karatasi ndefu zilizotoka kwenye kompyuta. Mashine hiyo, alisema, ilikuwa imepewa hesabu ya darajani, ikaigiza malori, mikokoteni ya ng'ombe, baiskeli na waendao kwa miguu wakipita daraja la karibu na Ikonge, na haikuona msongamano wowote. Kwa hiyo yule mzee wa bendera, aliyesimamisha malori ya majani chai ili watu wavuke kwanza, hakuhitajika tena. Kuanzia siku ya soko, abaki nyumbani kwake.

Moyo ulinipiga paa! Daraja lenyewe lilikuwa la mbao, jembamba. Lori likiingia huna pa kujibanza. Mama yangu alilivuka kila siku ya soko na mkungu wa ndizi kichwani, na masikio yake yalikuwa yamekwisha kuwa mazito.

"Watu walihesabiwa lini?" nikauliza.

"Jumamosi."

"Jumamosi! Ala!"

Vijana waliotumwa kuhesabu walikuwa Waislamu wa mjini, watoto wa wenye maduka, na kwao Jumamosi ni siku ya kazi kama nyingine. Kule kwetu Ikonge ni Sabato, siku ya kanisa. Hata ndizi hazikatwi. Wale vijana wa watu walikaa darajani kutwa, wakaandika walichokiona, yaani malori na mbuzi wachache.

"Bwana Mhandisi," nikasema, "mashine yako imeonyeshwa barabara watu wakiwa kanisani."

"Dada, kompyuta haina dini."

"Wala haina mama!"

Wenzangu waliinamisha vichwa. Nilijua naweza kufukuzwa kazi, lakini mimi nikishakasirika sina breki. Nikamwambia kama anaiamini sana mashine yake, aje asimame darajani siku ya soko. Akasema atakuja, huku akitabasamu. Tabasamu lile lilinikera kuliko maneno yake.

Siku ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha na mteremko ulikuwa utelezi mtupu. Ng'ambo kulijaa ng'ombe, baiskeli zenye matenga ya kuku, wanawake na mizigo yao. Mhandisi alitazama kule. Nikamwona mama akiingia darajani, macho kwenye mbao, mkono mmoja umeshika mkungu. Hapo hapo lori likachomoza nyuma yetu kwenye mteremko, likipiga honi. Wote wakarudi nyuma isipokuwa yeye.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jamani, sijawahi kuogopa vile. Mhandisi akavua koti, akakimbia kulikabili lori, akilipunga koti hilo kama bendera. Lori liliyumba, likaserereka, likasimama gurudumu moja likiwa juu ya mbao. Mama alishtuka, mkungu ukamdondoka.

Nilimkimbilia, nikamshika mikono yote miwili. Akanitazama mimi, kisha yule mwanamume mwenye koti lililojaa matope.

"Huyu nani?" akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Ndiye anayehesabu watu wa daraja," nikamwambia sikioni.

Mama akamsogelea mpaka karibu kabisa.

"Basi hesabu mimi," akasema. "Mimi niko hapa."

Mhandisi alikuwa bado anahema.

"Mmoja," akasema.