Kitasa cha Bunge

Kaka yangu watu wanamwita Komeo. Wanaodhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kufuli wamepata nusu tu. Jina hilo alipewa na mama yetu mzazi kabla hajashika hata bisibisi, kwa kuwa ukimuuliza neno leo atakujibu keshokutwa, tena akipenda. Mimi Mungu alinipa maneno yangu, nikachukua na fungu lake.

Tunafanya kazi chumba kimoja. Yeye yuko upande wa mlangoni na jiliwa lake la kubania vyuma na mashine ya kuchonga funguo, mimi niko dirishani na cherehani. Katikati ipo meza tu, na ugomvi wetu wa kila siku ni wa meza hiyo. Chembechembe zake za shaba zinaingia kwenye vitambaa vyangu, na nyuzi zangu zinanasa kwenye mashine yake. Bibi harusi mmoja aliwahi kunirudishia gauni akilalamika kwamba linamwasha kiunoni. Nilimgombeza kaka wiki nzima. Alinisikiliza, akatabasamu, akafagia siku mbili, basi.

Mafundi wa kufuli wa mjini kwetu wana adabu yao, na kaka anaishika kuliko wote. Kitasa alichokitia fundi mmoja, mwenzake hakigusi. Ukifungiwa nje ukamwita fundi, kwanza atakuuliza ni nani aliyekitia, na akimjua atakupeleka kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe anakaa upande wa pili wa mji na mvua inanyesha. Wenye haraka huwatukana. Wao wanasema ukivunja kazi ya mwenzio leo, kesho mji mzima hauna mlango wa kuaminika. Kaka aliwahi kumwacha daktari nje ya nyumba yake mwenyewe kwa adabu hiyo, na daktari yule mpaka leo hatusalimii.

Serikali iliposimamisha Bunge tulisikia kwenye redio ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kama watu wengine wote. Walisema ni kwa muda tu, kwa ajili ya utulivu. Utulivu ulikuwepo, ndiyo maana tulishtuka. Alasiri ile ile likaja gari lisilo na maandishi, akashuka bwana mmoja wa shati jeupe, sauti yake ya upole kama ya mtu anayeulizia njia ya zahanati. Alitaka fundi wa vitasa. Kaka akaenda naye.

Aliporudi nilimuuliza amefanya kazi gani, akasema mlango. Ilibidi nimfumue polepole kama mshono mbaya hadi nikaupata ukweli. Alikuwa ametia kitasa kipya, cha ndani ya mbao, kwenye mlango mkubwa wa ukumbi wa Bunge, na funguo zote alizichukua yule bwana. Tangu siku ile akawa anakula nusu sahani. Wifi yangu, mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na haamini ugonjwa usio na jina, alimpeleka kupimwa damu. Damu ilikuwa safi.

Wabunge wakaenda mahakamani. Kesi ilivutwa mpaka watu wakaisahau, au wakajitia wameisahau, maana wakati ule kusahau ilikuwa ndiyo afya. Kisha asubuhi moja ya kawaida, nikiwa napinda suruali ya sare, kinyozi akaongeza sauti ya redio mpaka spika ikakwaruza. Jaji alikuwa anasoma hukumu. Alisoma kwa muda mrefu, sauti kavu, vifungu juu ya vifungu, na barabara nzima ikasimama kumsikiliza. Mteja wa kinyozi alitoka nje na shuka shingoni, nusu ya kichwa kimenyolewa, nusu bado. Ndipo jaji akafika alipokuwa anaelekea: kusimamishwa kwa Bunge ni batili, na mbele ya sheria ni kama hakukutokea kabisa.

Basi nikupe habari ya furaha. Mwenye bucha alipigapiga kisu juu ya gogo lake kama ngoma. Madereva wakapiga honi. Watu wasiosalimiana walikumbatiana, na mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Mwuza viatu peke yake, mzee wa pembeni yetu, ndiye aliyeanza kuingiza viatu vyake ndani, jozi kwa jozi. Nikamuuliza kulikoni, mbona anafunga wakati watu wanashangilia.

"Serikali ikishindwa," akanijibu, "hutafuta wa kumshinda."

Nilimwambia aache uchuro. Nilipogeuka nikamwona kaka bado amekaa kwenye kigoda chake. Alikuwa amezima mashine. Nikamwambia, Komeo, hukusikia? Akasema amesikia, lakini kitasa bado kipo.

Alasiri redio haikutoa habari tena. Ilipiga muziki, wimbo baada ya wimbo, bila mtangazaji hata wa kusema saa. Magari ya askari yakapita polepole, bila king'ora, yakaenda mpaka mwisho wa barabara, yakageuza, yakapita tena. Hawakumfukuza mtu wala kumkemea mtu. Walitutazama tu. Wale waliokumbatiana wakakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani. Mama zetu walituonya tusikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa, na mimi fundi cherehani nilikuwa nimeshaikata na kuishona.

Kesho yake wabunge walikwenda Bungeni na hukumu yao, wakaukuta mlango umefungwa. Msimamizi wa jengo aliapa kwamba funguo hana. Kuuvunja hawakuthubutu, kwani ndicho kitu ambacho serikali ilikuwa inakingojea: washtakiwe kwa kuharibu mali ya umma, na hukumu isahaulike. Wakatafuta fundi. Fundi wa kwanza akauliza nani alikitia kitasa. Wa pili akauliza hivyo hivyo, na wa tatu pia. Wote walijua, mji wetu si mkubwa kiasi hicho. Adabu ni kitu kizuri, lakini siku ile niliona jinsi mtu anavyoweza kuificha hofu yake nyuma ya adabu akaonekana muungwana.

Kwa hiyo wakaja kwetu. Alikuja mbunge wa eneo letu, jasho linamtiririka, na karani wa mahakama aliyekumbatia nakala ya hukumu kifuani. Wifi alikuwa amepita kutoka shuleni kumletea mumewe chakula cha mchana.

"Fundi," mheshimiwa akasema, "tumeshinda kila kitu. Umebaki mlango tu."

Wifi ndiye aliyejibu. "Mheshimiwa, wewe una walinzi. Huyu ana mimi na dada yake."

Mheshimiwa akazungumza mengi kuhusu historia na watoto wetu. Wifi, ambaye watoto wetu anawafundisha kila siku, alimtazama mpaka akanyamaza. Kaka hakuwa anawasikiliza. Alimwomba karani amwonyeshe mahali jaji aliposema ukumbi ufunguliwe, akapasoma akifuata kwa kidole, akarudia. Halafu akasema maneno mengi kuliko niliyopata kuyasikia kwake kwa mwezi mzima.

"Nilikifunga bila kuuliza. Nikikataa kukifungua, nitakuwa nimekifunga mara mbili."

Wifi hakubishana. Alimfunikia sahani, akamfunga vizuri kifungo cha shati kilichokuwa kimelegea, akarudi darasani. Mimi nilikwenda na kaka, kwa sababu siwezi kukaa.

Sijawahi kuona mlango mkubwa kama ule. Mbao zake nyeusi, vipini vya shaba vimeng'aa mahali mikono ya watu ilipopita miaka na miaka. Askari walikuwepo kila upande. Hawakutuzuia, hawakutusaidia. Mmoja wao alisogea karibu, akainua simu, akampiga kaka picha ya uso, taratibu, kisha ya ubavuni, kama mpiga picha za hati za kusafiria. Kaka akapiga magoti akaanza kazi. Wabunge wote, tai shingoni, wanatazama mgongo wa mtu mmoja aliyepiga magoti. Nikasikia kitasa kikilegea ndani ya mbao, na mlango ukafunguka.

Waliingia kwa kishindo, wengine wakimruka, mmoja nusura amkanyage mkono. Ndani kulinuka vumbi na zulia lililokosa hewa. Mtu pekee aliyemsemesha kaka alikuwa msimamizi wa jengo, aliyeinama akijifanya anaokota kitu chini.

"Pole, fundi," akamwambia.

Nilijiambia kwamba mtu huyo amekosea neno, alikuwa anataka kusema asante. Njiani kote nilijiambia hivyo.

Bunge likakaa. Redio ikarudi kusema, na sauti za waheshimiwa zikajaa kwenye kibanda cha kinyozi. Kwetu hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililonitisha. Wateja wa kaka walipungua, kisha karibu wote wakakatika. Mwenye bucha, aliyepiga ngoma kwa kisu, akawa akituona anageukia nyama zake. Watu waliokuwa wakipita upande wetu wa barabara walianza kupenda kivuli cha upande wa pili, hata asubuhi ambapo upande wa pili hauna kivuli. Niliogopa. Nilikuwa nikishona nalisikia kila gari linalopunguza mwendo, na nikishona mkono wa kushoto naushona kulia. Kaka alifagia chembechembe zake kila jioni bila kuambiwa. Nilitamani asifagie.

Yule bwana wa shati jeupe alirudi jua likiwa limeshapanda vizuri, watu wamejaa barabarani. Kaka alikuwa anamtengenezea bibi mmoja kufuli ya sanduku lake iliyoingia kutu. Yule bwana alitusalimia sote, akamwamkia bibi shikamoo.

"Fundi, kuna mlango umegoma," akasema. "Njoo na vifaa vyako."

Nikasema nami nakwenda. Akanijibu kwa upole kwamba gari limejaa. Gari lilikuwa mbele yangu, milango wazi, ndani yupo dereva peke yake.

"Namaliza ya mama huyu," kaka akasema.

Akaimaliza kweli. Aliitia mafuta, akaifunga na kuifungua, akaifunga tena, akamwonyesha bibi namna ya kuuzungusha ufunguo bila kuulazimisha, akamwomba naye ajaribu mbele yake. Bibi alijaribu, jicho moja liko kwenye gari, kwa maana uzee haujamtoa akili. Yule bwana alisubiri bila kuonyesha haraka. Alivigusagusa vitambaa vyangu, akaniuliza kama nashona suti za kiume. Nikamwambia sishoni, na suti ya mtu ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake.

Kaka akaingiza vifaa kwenye mfuko wake wa turubai. Tupa, patasi, bisibisi, waya zake, kila kimoja mahali pake. Alipopita kwangu aliniwekea mkono begani, yeye ambaye si mtu wa kushikana.

"Mwambie wifi yako ale mapema," akasema.

Barabara nzima ilimwona akiingia garini. Kinyozi alikuwa na wembe mkononi. Mwenye bucha alimwona, na mwuza viatu pia. Tulipokwenda kituoni kuandikisha kwamba ametoweka, hakupatikana hata mmoja aliyeona. Mimi na wifi tulizunguka vituo na hospitali, tukapanga foleni kwenye ofisi ambazo milango yake kaka aliwahi kuitengeneza. Hakuna aliyekuwa na habari za fundi yeyote. Mheshimiwa alitupokea koridoni, mlango ule mkubwa uko wazi nyuma yake, akaushika mkono wa wifi kwa mikono yake miwili, akaahidi suala la fundi litaulizwa Bungeni. Tuliusikiliza mjadala kwa kinyozi siku nzima. Walizungumzia barabara na viti vipya vya ukumbi, halafu wakaahirisha.

Tukaenda mahakamani pia. Jaji akaamuru kaka aletwe mbele yake akiwa hai. Ilikuwa hukumu nzuri, imepangwa vizuri. Ilisomwa redioni, na barabarani hakuna aliyepiga honi.

Jioni moja baada ya hapo alikuja kijana wa pikipiki, mtu wa kubeba mizigo tu, anauliza ndipo kwa fundi hapa. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mumewe, kama alivyozoea akitoka shule. Kijana akatoa mfuko wa turubai. Niliutambua kabla hajaufikisha mlangoni. Ulikuwa umefungwa vizuri, umejaa, na umefuliwa.

Nikamuuliza ametumwa na nani. Hakujua, alipewa mzigo na mtu barabarani. Nikamuuliza ameambiwa aseme nini.

"Wamesema kazi imekwisha," akajibu, na alipoona nyuso zetu akatamani asingesema.

Wifi hakunyanyuka. Alizungumza naye kwa sauti ile anayomfundishia mtoto mgumu wa kuelewa, taratibu, bila hasira.

"Rudi nao, mwanangu. Mfuko huu uliondoka hapa na mtu. Utapokelewa ukiletwa na mtu yule yule."

Kijana alitutazama, mara wifi, mara mimi. Akauweka chini pale pale kizingitini, akaomba radhi, akaondoka bila hata kuwasha taa za pikipiki yake. Niliinama niuingize ndani. Wifi akanishika kiganja, akasema tukiuingiza tumekubali.

Basi uko pale. Haufunguliwi wala hausogezwi, na wifi kila jioni anapangusa vumbi pembeni yake bila kuugusa. Ukija kwangu kushona, inua mguu unapoingia.