Kisanduku Kisichonifuata

Bendi yetu ya Masasi haina mpiga dramu wa kudumu kwa mwaka wa nne sasa, na hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Aliyekuwapo, Saidi, tulimwondoa kwa kosa la kukimbiza muziki. Wimbo ulianza kwa mwendo wa kutembea ukaishia kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Mimi ndiye mpiga gita na kiongozi, kwa hiyo mimi ndiye niliyelisema jambo hilo kikaoni. Kikao chenyewe kilifanyika uani kwa mama yake Saidi, ambako ndiko tulikokuwa tukifanyia mazoezi, na chai tuliyokuwa tukinywa ilikuwa yake. Saidi alijibu neno moja tu, "Sawa," kisha akaenda Dar kutafuta maisha. Baada yake tulijaribu wapiga dramu wengine watatu. Kwa bahati mbaya wote walikimbiza muziki vilevile.

Mwaka huu tukapata nafasi ya kurekodi nyimbo tatu katika studio moja ya mtaa wa Gerezani, Dar, na msimu wa harusi ulikuwa mlangoni. Nikasikia habari za kisanduku cha kukanyaga kwa mguu ambacho ndani yake mna sauti zote za gita, mwangwi, na hata dramu. Unakichomeka kwenye mixa, unapiga harusi. Unakiunganisha na kompyuta kwa waya mmoja, unarekodi. Mtu pekee niliyemjua katika biashara hiyo alikuwa Saidi, anayeuza katika duka la vyombo vya muziki Kariakoo. Nilikaa na simu mkononi siku mbili kabla ya kumpigia.

"Njoo tu, kaka Damiani," alisema. "Vipo."

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilipita mbele ya nyumba ya mama yake nikielekea stendi. Alikuwa anafagia. "Shikamoo, mama," nikasema. Aliendelea kufagia. Hajaniitikia tangu siku ya kile kikao, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba huo ni ukaidi wa watu wazima.

Njiani hapakuwa na mengi. Kondakta alitaka gita langu lisafiri chini pamoja na magunia ya korosho. Nilibishana naye nikashinda, nikalipakata hadi mwisho wa safari. Tulipokunja kuelekea Nangurukuru abiria wa pembeni aliniuliza kama naimba injili. Nikamwambia napiga harusi. Akalala hadi daraja la Rufiji. Saa kumi jioni tuliingia Mbagala, na kabla jua halijazama nilikuwa nimepata chumba katika gesti moja ya Mtaa wa Narung'ombe, chenye dirisha linalotazama ukuta.

Jumanne asubuhi nililikuta duka bila shida, kwa sababu kati ya maduka ya vitenge na mabegi lilikuwa ndilo pekee lenye tarumbeta mlangoni. Mwenye duka anaitwa Mama Hansa, mama wa Kihindi wa makamo aliyezaliwa mtaa huohuo. Alikuwa anazungusha udi mbele ya picha ya miungu juu ya kabati, na hakugeuka mpaka alipomaliza. Saidi alikuwa amenenepa kidogo. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za Masasi, akaweka kisanduku juu ya meza kama anavyomwekea mteja yeyote.

Kilikuwa na upana wa sinia dogo, na pedali tatu. Saidi alinionyesha kitu kimoja baada ya kingine: huu mwangwi, hii sauti ya kukwaruza, hapa unalinganisha nyuzi. Kisha akabonyeza kitufe cha mwisho, dramu ikaanza kupiga kwenye spika, na taa ndogo nyekundu ikawa inawaka kwa kila pigo.

"Na huyu hapa ndiye mpiga dramu wako," alisema. "Hachoki, hali, haji kikaoni."

Mama Hansa alicheka. Mimi nililipa.

Jumatano saa tatu asubuhi nilikuwa studio, ghorofa ya tatu, chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Prodyuza alikuwa dada mmoja kijana aitwaye Rehema. Tulichomeka kisanduku kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni, nikaanza. Katikati ya wimbo wa kwanza dramu ikaanza kubaki nyuma. Nikarudia, ikabaki tena. Mara ya sita Rehema alivua hedifoni zake.

"Kaka, hamjakutana, wewe na mashine."

"Mashine inachelewa," nikamwambia.

Alitazama kompyuta yake kwa muda, akasema kwa adabu kwamba labda nikapumzike, tuendelee kesho. Nilikasirika. Nimesafiri siku nzima, studio imelipiwa kwa siku mbili, halafu nimeuziwa kitu kibovu na mtu niliyewahi kumfukuza. Hata sababu ya kuniuzia kitu kibovu niliiona wazi.

Saa saba mchana nilikirudisha dukani na kukiweka juu ya meza. Nikasema dramu yake inasinzia, nataka kingine. Palikuwa na wateja wanne au watano. Mama Hansa ndiye aliyejibu.

"Hapa kitu kilichotumika hakibadilishwi mpaka kosa lionekane mezani. Shika gita, onyesha."

Nikapiga. Baada ya muda alimwambia Saidi apunguze dramu mpaka isisikike kabisa, na mimi niendelee peke yangu. Ile taa nyekundu aliifunika kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Niliendelea kupiga, na nilipiga kwa raha, kama ninavyopiga nyumbani. Kisha akasema, "Pandisha." Dramu iliporudi mimi nilikuwa nimeshaitangulia. Tulirudia. Nilikuwa mbele. Mara ya tatu Mama Hansa alichukua kisanduku kingine kipya, akakifungua palepale, na hicho nacho kikanikuta mbele.

"Kaka, unawahi wapi?" aliuliza mteja mmoja aliyekuja kununua nyuzi. Watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Mashine ni nzima," alisema Saidi taratibu, akaanza kukirudisha kile kipya kwenye boksi.

Nilisimama pale na gita shingoni. Nikawakumbuka wale wapiga dramu watatu. Nikakumbuka uani, na vikombe. Niliona aibu.

Saa tisa Saidi aliomba ruhusa akanipeleka soko la Feri kula samaki. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya wakaangaji, moshi ukitujia usoni, tukala.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu harusi ya pili tuliyopiga."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, kaka? Wewe kiongozi. Ukikimbia nami nikibaki, watu wanajikwaa ukumbini, bibi harusi yuko katikati. Nikawa nakufuata. Kazi ya dramu ndiyo hiyo."

"Kwenye kikao je? Ulisema sawa."

Alichambua miiba kwanza. "Ningekubishia mbele ya mama, tungegombana uani kwake. Nikaona niondoke. Mimi nilishasahau, nina kazi, nina mke. Tatizo ni yeye. Alikuamini. Mpaka leo akinipigia simu lazima aniambie, mwanangu, pupa ndiyo iliyokuharibia, punguza pupa. Miaka minne, kaka. Mke wangu naye ameanza kuniambia."

Nikamuuliza kama atarudi kwenye bendi. Akasema hapana. "Lakini mama umwambie wewe. Mimi nikimwambia, ataona najitetea."

Alhamisi Saidi alikuja studio kwa saa zake za chakula, akavuta kiti akakaa mbele yangu, uso kwa uso. Kila nilipoanza kuinama mbele aliinua kiganja, kama trafiki. Mapigo yalikuwa ya kisanduku, lakini aliyenishikilia alikuwa yeye. Alipoondoka nilijaribu kukiona kile kiganja hata kama hakipo. Tulirudia sana, na Rehema alikuwa mvumilivu kuliko nilivyostahili. Kufika saa kumi nyimbo tatu zilikuwa zimeisha. Aliponisikilizisha nililisikia gita langu likikaa mahali pake, halimkimbii mtu. Lilikuwa zuri. Ilinihuzunisha kidogo kwamba sikuwa nimelijua.

Ijumaa nilirudi kusini, kisanduku kikiwa kwenye begi miguuni na gita mapajani. Safari hii kondakta hakubishana. Siku nzima ya barabara nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo hili ili lisionekane kubwa: kwamba tulikosea, kwamba sisi sote hatukujua. Tulipofika Mnazi Mmoja ya Lindi, tukiiacha njia ya pwani, niligundua kwamba hata hapo nilikuwa nakimbia. Nilichojifunza Dar ni hicho tu. Mtu anayekwenda mbio haoni mbio zake, anaona wenzake wanachelewa. Na akipata anayemfuata kwa hisani, atamlaumu huyohuyo. Kisanduku hakina hisani. Nadhani ndiyo maana kilinifaa.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikwenda kwa mama yake Saidi kabla ya kwenda kwa wanabendi. Alikuwa uani na majirani wawili wakichambua korosho, kwenye mkeka, palepale tulipokuwa tukiweka spika. "Shikamoo, mama," nikasema. Mikono yake iliendelea na korosho. Nikachuchumaa, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba aliyekuwa anakimbiza muziki ni mimi. Saidi alikuwa ananifuata ili watu wasijikwae. Alijua, akanyamaza, nami nikamfukuza, nikiwa na kikombe chake mkononi.

Alichambua korosho mbili tatu. Kisha akawageukia majirani zake, akanigeukia mimi.

"Sema tena," alisema. "Hawa hawakusikia."

Nilisimama nikasema tena, kwa sauti, taratibu, neno baada ya neno. Jirani mmoja aliacha kuchambua. Mwingine alisema, "Kumbe." Mama Saidi alijifuta mikono kwenye kanga, akaitafuta simu yake chini ya ungo, na kabla hajaibonyeza alinitazama usoni.

"Marahaba," akasema.