Chakula Nilichomtafunia Mwenda

Nilipokuwa mtoto wa kama miaka tisa, kinywa changu kilikuwa na kazi. Nasema hivi bila mzaha. Wenzangu walitumwa maji na kuni. Mimi nilipewa kumtafunia chakula mdogo wangu Mwenda, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, na kazi hiyo niliifanya kwa wizi. Namshukuru Mungu aliyeniacha niishi mpaka niweze kuiandika.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu wakipigana na watu wa msituni. Sisi watu wa upande wa Githongo tulikuwa tumetolewa mashambani mwetu tukapangwa katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana kama punje kwenye gunzi, handaki limetuzunguka pande zote. Baba alikuwa amechukuliwa, na hatukujua amewekwa wapi. Kila asubuhi filimbi ya homugadi, askari wa kijiji waliowekwa na serikali, ikilia, akina mama walitoka na majembe kwenda kuchimba kwa lazima, wakarudi jua likishuka. Shambani waliruhusiwa saa chache tu, kwa hiyo chakula kilikuwa cha kubahatisha. Mama akirudi, maziwa yake yalikuwa yamekauka kwa kazi na kwa njaa.

Kwetu, kumtafunia mtoto ilikuwa kazi ya nyanya. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu mzima anatafuna githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, au ndizi mpaka iwe laini kama uji, anaitoa mdomoni kwa kidole, anampa mtoto. Siku hizi ukisimulia hivyo watu wanakunja uso. Lakini nyanya yangu, Cucu, hakuwa na jino hata moja, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Basi kazi ikawa yangu.

"Kagendo," aliniambia siku ya kwanza, "tumbo la mtoto halina meno. Meno yake ni haya yako. Tafuna mpaka usijue tena lipi lilikuwa hindi na lipi lilikuwa haragwe. Na usimeze. Mlezi akimeza cha mtoto, kinachobaki kinageuka jiwe ndani ya yule mtoto. Jiwe hilo halisikii dawa."

"Sasa linatoka vipi?"

"Linatoka aliyemeza akisema."

"Na asiposema?"

Cucu akacheka, fizi tupu. "Utasema tu. Nani anaweza kukaa na kitu kama hicho?"

Siku za kwanza nilifanya nilivyoambiwa. Lakini hebu jaribu wewe mwenyewe. Umelala njaa jana, githeri ya moto iko mdomoni mwako, imeshalainika, tamu, halafu uitoe umpe mwingine. Ulimi hauzijui Amri Kumi. Nilianza kwa kumeza yale majimaji tu. Baadaye nikawa nameza ulaini wote, nabakiza maganda ya mahindi na ngozi za maharagwe, nazikusanya kwa ulimi, ndizo nampa Mwenda. Cucu alikuwa haoni, kwa hiyo alinilinda kwa masikio.

"Sikusikii," alisema kutoka mlangoni alikokuwa akipukuchua kunde.

Basi nikatafuna kwa kelele kama mbuzi. Akaridhika.

Mwezi haukuisha kabla mikono ya Mwenda haijawa vijiti na tumbo lake kibuyu. Waliopita walisema, "Tazama tumbo hilo, huyu analishwa vizuri." Mimi nilijua limejaa nini.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Ciarunji, mjane aliyeolewa kwetu kutoka Mbeere, kule chini kwenye ukame. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu bila kupepesa, na hiyo, pamoja na kutoka kwake mbali, ilitosha watu waseme ana jicho, kwamba akikutazama ukila, chakula kinakataa tumboni. Siku moja alikuja kuomba moto akanikuta nikimlisha Mwenda. Akasimama na kigae chake mkononi. Akatazama kidole changu, akatazama mdomo wa mtoto.

"Kagendo, hayo unayompa umetafuna?"

"Nimetafuna."

"Hebu tafuna nione."

"Ametafuna, nimemsikia," Cucu akajibu kutoka mlangoni. "Binti wa Mbeere, chukua moto wako uende."

Akachukua moto akaenda. Jioni hiyo Mwenda akaanza kutapika. Tumbo likawa gumu kama ngoma, choo hapati, na kilio chake kikawa kidogo kidogo mpaka kikawa pumzi tu. Mama alifika kutoka kuchimba, udongo bado miguuni, akamchukua asimweke chini tena. Jirani yetu Mama Kawira alipita mara moja kabla milango haijafungwa.

"Leo nani alimwona akila?" akauliza.

"Ciarunji," akasema Cucu.

"Basi maneno yameisha."

Mama akanigeukia. "Alimtazama?"

"Alimtazama sana," nikasema.

Hiyo ilikuwa kweli. Maishani mwangu sijasema uongo mbaya kuliko kweli hiyo.

Dawa ya jicho ilijulikana: mwenye jicho mwenyewe amtemee mtoto mate. Kulipopambazuka, kabla ya filimbi ya kazi, Ciarunji aliitwa. Wanawake wanne watano walikuwa wamesimama mlangoni petu, na mmoja akamwambia, "Leta mate, mama. Macho tumeshayaona."

"Mate si mali," Ciarunji akajibu. "Kama yatamsaidia, nitatema."

Akapiga magoti. Hakutema kwanza. Alibonyeza tumbo la mtoto kwa vidole viwili, huku na huku, kisha akavuta kibuyu kilichokingiwa matapishi. Akatoa humo ngozi ya haragwe, nzima kabisa. Akatoa ganda la hindi. Akayasugua kiganjani. Halafu akainua macho akanitazama mimi, niliyekuwa nimejibana nyuma ya mgongo wa Cucu.

Nilingoja aseme. Neno moja lingetosha, naye angetoka pale akiwa safi. Wanawake wote walikuwa wanasikiliza, na Mama alikuwa amekumbatia mtoto anayekufa.

Ciarunji akapangusa mkono kwenye nguo yake. Akatema mate kidogo kwenye paji la uso la Mwenda, na kidogo kitovuni.

"Msimpe githeri tena," akamwambia Mama. "Mpe uji wa mawele uliochachuka, uuchuje, vijiko viwili, apumzike, vijiko viwili. Tumbo lake limechoka. Ukilijaza linakataa. Mawele ninayo kidogo, huyu msichana anifuate akachukue. Na mumpumzishe kutafuna, meno yake bado machanga."

Nikamfuata. Ndani mwake hamkuwa na kitu ila kitanda na chungu. Alinipimia mawele kwa kikombe, na nilipokunja kitambaa nitoke, akanishika bega.

"Njaa si kosa, binti," akasema. "Lakini hili lako mimi nitalibeba mpaka lini?"

Nilikimbia na mawele yake.

Siku ya tatu Mwenda alipata choo, na jioni akacheka. Watu wakasifu mate. Na kupona kwake ndiko kukawa ushahidi: kama Ciarunji hakuwa na jicho, mate yake yangeponyaje? Tangu hapo akipita, watu walifunika vyungu. Akina mama waliwageuza watoto waangalie ukutani. Na sasa niseme lile ambalo ni gumu kuliko wizi. Siku moja nilikuwa nje namnywesha Mwenda uji, ule ule wa mawele, Ciarunji akapita na kuni mgongoni. Mama alikuwepo, majirani walikuwepo. Nikanyoosha mkono nikafunika bakuli. Yeye akaona mkono ni wa nani. Akapita.

Vijiji vilipovunjwa alirudi kwao Mbeere. Nilimwona akienda na mzigo wake, sikumuaga.

Nilibatizwa, nikaolewa, nikazaa. Kliniki muuguzi alitufundisha kwamba chakula huanza kusagwa mdomoni, na kwamba kinachomjenga mtoto si kile anachomeza, bali kile tumbo lake linachoweza kukichukua. Ukimpa kigumu kabla ya wakati, anakuwa na njaa huku tumbo limejaa. Wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi nilitazama chini. Cucu alikuwa ameniambia yote hayo bila daftari, ila yeye aliita jiwe.

Kanisani nilitoa ushuhuda, zaidi ya mara moja, kwamba utotoni nilikuwa mwizi wa chakula. Watu wakasema Bwana asifiwe. Sikuwahi kumtaja Ciarunji. Ni rahisi kukiri dhambi ambayo haina mtu ndani yake.

Krismasi iliyopita tulikuwa kwa Mwenda, ambaye sasa ni mzee mwenye wajukuu. Baada ya kula akaanza hadithi yake anayoipenda, ya yule Mmbeere mwenye jicho aliyetaka kummaliza. Wajukuu wanaijua kwa moyo. "Akanitazama hivi," akasema, akitoa macho, nao wakaficha sahani zao wakicheka.

"Si yeye," nikasema.

Nikawaambia. Maganda, kelele za mbuzi, matapishi, mawele, mkono juu ya bakuli. Watoto walishangaa jambo jingine kabisa.

"Shosho, yaani mlikuwa mnalishana kama ndege?" akauliza mmoja, na wote wakaangua kicheko. Mwenzake akasema hatakula tena githeri yangu.

Mwenda hakucheka. Alikuwa anasugua tumbo lake polepole, kama mtu aliyeshiba.

"Aliitwa nani?" akaniuliza.

"Ciarunji."

"Miaka yote hii ninamwita jicho." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba. Si yeye wa kuombwa. Niliulizia Mbeere kwa watu wa kanisa wa kule, nikaambiwa mama wa jina hilo alikufa zamani, na hakuna aliyejua kaburi.

Sasa mimi pia sina meno. Mjukuu wangu hunipondea githeri kwenye kinu, na huniletea bakuli limejaa mpaka juu. Nakula polepole. Cucu alisema kweli kuhusu jiwe, ila alikosea mahali lilipokaa. La Mwenda lilitoka siku ya tatu, kwa mawele ya mwanamke mwingine. Langu nimelisema sasa, kama alivyoagiza, na bado nalisikia hapa ninapokula.