Gomesi ya Kompyuta

Kompyuta yetu ilikuwa inavaa gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Kiganda. Najua mtu akisikia hivyo atasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa na mabega yenye ncha na vifungo viwili kifuani, na pindo lake lilifika chini kabisa. Ilikosa mshipi tu.

Aliyeishona ni mama mkwe wangu, fundi cherehani wa Nateete, kwa kitambaa kilichobaki alipojishonea yake mwenyewe. Ili uelewe uzito wa vazi lile, lazima nirudi nyuma kidogo. Nilipokwenda kujitambulisha ukweni nilikuwa mwanajeshi kijana kutoka kaskazini. Kiganda sijui, Kiingereza cha kubabaisha, basi nikafungua mdomo kwa Kiswahili, lugha niliyokulia nayo kambini. Miaka hiyo Kiswahili hapa Kampala kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, awe askari au jambazi, na shemeji yangu mmoja alikuja kukiri baadaye kwamba alikuwa ameshaanza kuvua saa yake anikabidhi. Mama mkwe hakunisemesha kwa miaka. Tuliponunua kompyuta alikuja, akaliangalia sanduku lake, lile ambalo watu wote huliita sipiyu, akalipima kwa shubiri. Wiki iliyofuata akaleta kifurushi. Hapo nilijua kwamba nimesamehewa.

Sasa basi, kwa Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hamkai chumba kimoja, hampeani mkono, na nguo zake huzigusi. Mimi si Mganda, lakini mtu akioa mahali anaoa na desturi zake. Kitambaa kilikuwa cha gomesi yake, kwa hiyo kwangu ilikuwa nguo yake. Siku za kufuta vumbi mke wangu ndiye aliyeivua, na mimi niligeukia ukutani. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Acheke tu, mimi adabu yangu naijua.

Mke wangu huyo ana miaka arobaini na saba na ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Anasomea kuchora nyumba. Nilimtania sana alipoanza. Nilimuuliza kama chuo kinahitaji sahihi ya mzazi, niko tayari kumsainia. Akanijibu, "Sahihi yako haisomeki, Afande." Ananiita Afande akiwa amekasirika, na Baba Watoto tukiwa na amani. Kiswahili nilimfundisha mimi mwenyewe, neno kwa neno, na leo ndicho anachotumia kunisema.

Lakini chini ya utani wangu kulikuwa na jambo. Alipokuwa na miaka ishirini na nne alipata nafasi ya kusomea kazi hiyohiyo. Alikuwa katika muhula wa pili nilipopewa uhamisho, nikasema mke humfuata mume. Akakunja karatasi zake, akanifuata. Tangu siku ile hakuwahi kunilaumu hata mara moja, na huko kutonilaumu ndiko kulikoniuma. Kwa hiyo safari hii nilitaka amalize, hata kama mdomo wangu ulikuwa unasema mengine.

Kazi yake ya mwisho ilitakiwa Ijumaa. Mwalimu hakutaka michoro ya mistari peke yake. Alitaka picha za nyumba ile kana kwamba imeshajengwa, jua limepiga ukutani, kivuli kimeangukia mlango. Kompyuta yetu ilikuwa inatumia siku nzima kutoa picha moja, kisha inaganda. Mke wangu akaenda Kabalagala kwa fundi mmoja Mkongo mwenye kibanda cha kompyuta. Fundi akamwambia mashine si mbovu, ni mzee tu anayebebeshwa mzigo wa kijana. Inahitaji kadi ya grafiki, kipande ambacho kazi yake ni kuchora picha ili sehemu nyingine zipumzike. Akamchagulia moja ndogo, iliyotumika, ambayo haikuhitaji umeme mwingi, akajitolea kuja kuifunga yeye mwenyewe.

Nikakataa. Niliendesha redio za jeshi miaka ishirini, katika matope na katika vumbi, halafu aje mtu anifungulie sanduku sebuleni kwangu? Nilimpigia simu kumshukuru na kumwambia abaki kwenye kibanda chake.

"Sawa, Papa," alisema. "Ila ile kadi inataka hewa. Uipe hewa mingi."

"Itapata," nikamwambia. Nikafungua dirisha.

Jumatano mchana mke wangu akavua gomesi, nikageuka, akaikunja, nikaigeukia tena kazi. Nilichomoa nyaya zote. Nilifungua ubavu wa sanduku na kushika chuma kwanza, ili umeme wa mwilini usiunguze kitu, jambo ambalo nilimweleza mke wangu kwa urefu kuliko ilivyohitajika. Nikatoa kibati cha nyuma, nikaisukuma kadi kwenye mfereji wake mpaka ikalia tak, nikakaza skrubu. Kazi ya dakika ishirini. Nilijisikia kijana.

Tukawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini kioo kilikuwa cheusi tii. Nikaanza kueleza kwamba vitu vilivyotumika ndivyo vilivyo, kwamba Wakongo ni watu wazuri ila mtu aangalie anachonunua. Mke wangu aliinama nyuma ya sanduku, akachomoa waya wa kioo kutoka tundu la zamani, akauchomeka kwenye tundu la kadi mpya. Picha ikatokea.

"Endelea, Afande," akasema. "Ulikuwa unasema nini kuhusu Wakongo?"

Akaweka programu ya kadi, akairudishia sipiyu gomesi yake, akafunga vifungo vyote viwili, akaanza kazi. Na kweli mwendo ulikuwa mwingine. Picha ambayo ilikuwa ikitambaa sasa ilikuwa inakimbia, tunaiona inajaa mbele ya macho yetu. Baada ya robo saa, pap, mashine ikazima.

Tukaiwasha, ikafanya kazi robo saa, ikazima. Tukaiacha ikapumzika, ikafanya kazi, ikazima. Nilihamisha waya kwenye soketi nyingine. Nilikaza skrubu zote, hata zile ambazo hazikuwa na kosa. Niliilaumu kampuni ya umeme, nikalilaumu joto la msimu, nikamlaumu jirani anayechomelea mageti. Kila nilipofungua sanduku, gomesi ilivuliwa kwa heshima, na kila nilipomaliza ilivalishwa kwa heshima. Ikiwa uchi mashine ilikuwa nzima kabisa, nami nasema, "Unaona? Imepona." Ikishavaa na kupewa kazi, inakufa.

Alhamisi asubuhi mke wangu akasema amwite fundi. Nikasema bado kidogo, nimeshaikaribia. Alikuwa amesimama na karatasi zake kifuani. Hakupaza sauti.

"Mara ya kwanza ilikuwa uhamisho," akasema. "Uhamisho ulikuwa wa jeshi, nikauheshimu. Mara hii ni kiburi, na kiburi hiki ni chako mwenyewe."

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya tangi la maji, na huko, mahali ambapo hakuna mtu wa kuniona, nilimpigia fundi simu. Niliona aibu kweli. Akaniuliza jambo moja tu, kama niliipa hewa. Nikamwambia dirisha liko wazi tangu jana.

"Papa, acha nije mwenyewe," akasema. "Ila leo niko na kazi mbali. Nitafika kesho mchana."

Kesho mchana ilikuwa Ijumaa mchana. Karatasi zilitakiwa asubuhi.

Nilikuwa bado nyuma ya tangi niliposikia bodaboda imesimama getini, ikifuatiwa na sauti ya mama mkwe. Alikuja na mkungu wa matoke, kama kawaida yake, bila taarifa, kama kawaida yake. Nikapita upande wa pili, nikakaa barazani nyuma ya pazia la mlango, mgongo nimeulekeza sebuleni, ili nisikie bila kuonana naye. Ndivyo tunavyozungumza tangu aliponisamehe. Yeye husema kwa Kiganda, mke wangu hunigeuzia kwa Kiswahili, nami narudisha hivyohivyo. Kiganda nimekielewa zamani, lakini kupitia kwa mke wangu kunampa kila mtu nafasi ya kupoa.

Alitandikiwa mkeka karibu na meza, ubavu kwa ubavu na lile sanduku. Nikasikia mashine ikiwashwa, mke wangu akijaribu tena. Zikapita dakika kama kumi. Kisha mama mkwe akauliza kwa nini sanduku linamchoma bega.

Mke wangu akasema ndivyo linavyofanya kazi.

Nikasikia mama mkwe akiugonga ubavu wa sanduku, taratibu, kwa vidole, kama mtu anayepima sufuria.

"Muulize mume wako," akasema, "matoke tunayafunika kwa majani kwa sababu gani."

Mke wangu akanigeuzia. Nikamwambia amjibu mama kwamba ni ili yaive.

"Basi ajiulize mwenyewe, huyu mnayemfunika akiwa motoni, mnataka aive ili mumle na mchuzi gani?"

Nilikaa pale barazani nikiliangalia lile dirisha nililolifungua, wazi kabisa, upepo unaingia na kutoka, na mashine yangu katikati ya upepo huo imevalishwa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Miaka ishirini ya redio! Redio zilikuwa zinapikwa na jua na hatukuzifunika hata siku moja.

Nilijitetea hata hivyo. Nikasema, "Mwambie mama ile nguo ni ya heshima yake. Nisingeweza kuivua."

Jibu lilipokuja, mama mkwe hakusubiri kugeuziwa. Alilisema kwa Kiswahili, cha kwanza nilichowahi kukisikia kinywani mwake, r na l zikipeana zamu, na sijui alijifunza lini.

"Heshima si blanketi, mwanangu. Nirishona kwa vumbi, mashine ikirara. Ikifanya kazi, vua."

Kisha nikasikia vifungo vikifunguliwa, kimoja, cha pili. Aliivua mwenyewe.

Mashine haikuzima tena. Ilivuma mchana kutwa, na picha zikatoka moja baada ya nyingine. Ijumaa asubuhi kazi ilifika Kyambogo kwa wakati wake, lakini hilo nalipita haraka, kwa sababu kilichonikaa moyoni ni cha Alhamisi hiyohiyo jioni, kabla jua halijazama. Mama mkwe alikwenda jikoni kumenya matoke, ndipo mke wangu akaniita ndani niangalie. Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa mbele ya meza.

Ilikuwa nyumba ndogo. Kuta nyeupe, bati jekundu, jua limelala barazani. Nilianza kukagua kama ninavyokagua kila kitu.

"Ngazi za mlangoni umesahau," nikasema. "Umeweka mteremko tu. Mvua itaingia."

"Haitaingia," akasema, akabonyeza picha nyingine.

"Mlango huu ni mpana mno. Tunaingiza ng'ombe?"

Akabonyeza nyingine. Bafuni kulikuwa na chuma cha taulo kinene ajabu, kimefungwa chini kuliko kawaida, karibu na mahali pa kuogea. Nikamwambia chuma kama hicho kingembeba mtu mzima. Akasema ndiyo, kingembeba. Koridoni kulikuwa na benchi kila baada ya hatua chache, nikamuuliza kama ni nyumba au stesheni. Alikuwa amekunja mikono, ananiangalia mimi badala ya kioo.

Ukurasa wa mwisho haukuwa na picha. Chuo kinataka mwanafunzi aeleze nyumba ni ya nani na kwa nini ameichora hivyo. Uliandikwa kwa Kiingereza cha darasani, nami nakigeuza hapa:

"Mteja ni mwanajeshi mstaafu. Goti lake la kushoto halikunji vizuri, na hulificha. Hapendi kusaidiwa. Nyumba hii imsaidie bila yeye kujua."

Ni kweli, goti ninalo, na kama umeona, sikulitaja mpaka hapa. Niliamini kwamba hata ndani ya nyumba yangu hakuna anayelijua. Nilisoma ule ukurasa mara ya pili, polepole. Macho yalinichoma, na sitasingizia vumbi. Kwa miaka miwili nilikuwa namtania mtu anayekwenda chuoni kunijengea mlango.

Kigoda kile ni kifupi, na ili niinuke huwa nangoja watu watoke chumbani. Jioni ile sikungoja. Nilimnyooshea mke wangu mkono, nikamwambia anivute.